Kupiga mbizi si mchezo wa watalii peke yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu huku bara tunaliona halituhusu, nalo ni kupiga mbizi. Nasema kupiga mbizi, wala sisemi kuzamia, kwa kuwa kwa vijana wetu mzamiaji ni yule anayejificha ndani ya meli ili aende Ulaya.

Kila mwaka wageni huja Mafia, Unguja na Pemba, wakabeba mitungi ya hewa mgongoni na kushuka kutazama matumbawe na samaki wake. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, huwatoza ada, na hilo ni jema. Wengine hutazama meli zilizozama. Karibu na Mji Mkongwe imelala Great Northern, meli ya Waingereza ya kutandaza nyaya za simu chini ya bahari, iliyoharibika hapo mwaka 1902. Katika bandari hiyo hiyo ndimo manowari Pegasus ilimozamishwa na manowari ya Kijerumani Königsberg tarehe 20 Septemba 1914. Yote hayo yako katika maji yetu, lakini mwananchi aliyeyaona kwa macho yake ni wa kutafuta.

Mtu atauliza: mkulima wa mahindi na karanga wa Kibakwe ana nini na bahari? Ndugu zangu, watoto wetu wanafanya kazi Mwanza, Kigoma na Zanzibar, nao hupanda meli na vivuko kama watu wengine. Samaki tunaokula wanatoka Mtera, ambako wavuvi wako majini usiku na mchana. Hata ile meli ya Ziwa Tanganyika, Goetzen, vipande vyake vilipita hapa hapa kwetu, Godegode na Gulwe, kwa reli ya kati kwenda kuunganishwa Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 ikasafirisha abiria miaka mingi kwa jina la Liemba.

Sasa nije kwenye kiini cha barua yangu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza. Haikuzama mara moja. Ilielea kitako juu, kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani yake. Tumbo la meli likatobolewa ili watu waliokuwa ndani watolewe. Hewa ikatoka, maji yakachukua nafasi yake, na meli ikazama nao. Hesabu ya Serikali ilikuwa watu 894. Chukua kikombe, kifunike mdomo chini ndani ya ndoo ya maji, kisha ukitoboe kitako: utaona lililotokea. Waliotoboa walitaka kuokoa, wala siwalaumu. Nasema tu kwamba njia ya kuwafikia watu wale ilikuwa kutokea chini, na watu wa kupita huko hawakuwapo. Wapiga mbizi wa kutoa miili ikabidi watoke Afrika Kusini.

Mwaka 2011 Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi, wakaitwa tena wa Afrika Kusini. Safari ile kina na mikondo viliwashinda hata wao.

Linganisha na Ukara. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220. Tarehe 22 wapiga mbizi wetu wenyewe waliingia ndani ya kivuko kile na kumtoa fundi wa mitambo akiwa hai, kwa kuwa alipata mahali penye hewa. Basi watu tunao, na uwezo tunao. Lakini siku ya kwanza giza lilipoingia kazi ilisimamishwa hadi asubuhi. Na ndege ilipoangukia ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliotangulia kufika walikuwa wavuvi, akiwamo kijana Majaliwa Jackson, hawana mtungi wala kamba ya maana. Watu 24 walipona, 19 wakafa.

Ushujaa wa wavuvi hauna shaka. Lakini kukaa chini ya maji ni elimu. Kila mita 10 mgandamizo huongezeka, hata katika mita 30 mtungi ambao juu ungetosha saa nzima huisha kwa robo saa hivi. Tena anayepanda kwa pupa hupata povu katika damu, mfano wa soda iliyofunguliwa ghafla, na anaweza kupooza au kufa.

Elimu hiyo inafundishwa kila siku katika hoteli za pwani yetu, kwa yeyote mwenye dola. Kwa nini basi kampuni inayopewa leseni ya kuwashusha wageni isipewe sharti la kufundisha kila mwaka vijana kadhaa wa vijiji vya jirani, na askari wa Zimamoto na Uokoaji wa mikoa yenye maziwa? Tena kijana anayepata riziki kwa kuwaongoza wageni kwenye matumbawe hatamvumilia mpiga baruti. Machi na Aprili 2015 watafiti walisikiliza chini ya bahari ya pwani yetu kwa saa 231, wakahesabu milipuko 318, mingi yake ikiwa karibu na Dar es Salaam. Serikali imepambana tangu hapo na milipuko imepungua sana, ila doria haiwezi kukesha kila mahali.

Naomba wizara zinazohusika zituambie hadharani: leo, kivuko kikipinduka saa mbili usiku, ni bandari gani za maziwa yetu zenye wapiga mbizi, mitungi iliyojazwa na taa za chini ya maji, na watafika baada ya saa ngapi?

Mkulima,
Kibakwe, Mpwapwa.