Gari ya Jamaa: Utazame Mlango Mbele ya Rangi



Baba mmoja na mke wake walikuja kwangu jioni kisha kazi. Baba alikuwa na makuta mkononi, kwa sababu aliuza parseli aliyoinunua kwa jasho la miaka mingi katika mashimo ya dhahabu. Akasema: «Pasteri, tunataka gari ya okazio. Siku za juma itubebe sisi na watoto, na siku ya Posho tuikodishe kwa arusi na kwa vilio.» Mama hakusema kitu kwanza. Kisha akaniuliza: «Na ikifa, parseli itarudi?»

Swali la mama ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu. Mimi si fundi, lakini nimesafiri sana na kwaya, nimelala njiani, na nimesukuma magari mengi kuliko niliyoendesha.

Kule Ulaya na Amerika kuna jamaa zinazonunua gari-nyumba, yenye kitanda, jiko na tanki la maji ndani. Wakati wa likizo wanalala humo, na wakati mwingine wanaikodisha kwa wengine. Katika Japani watu wengi wanageuza Toyota Hiace kuwa namna hiyo. Kenya na Uganda watalii wanakodi Land Cruiser yenye hema juu ya paa. Lakini hapa kwetu, nani atakodi gari yenye jiko? Watu wa arusi wanataka viti. Kwa hiyo jamaa ya Bukavu inayotaka gari ya safari na ya kukodisha, mara nyingi inaishia kwa Hiace, na mimi sioni kosa. Vyuma vyake vinapatikana na kila fundi anaijua.

Sasa, ndugu msomaji, kitu cha kwanza kutazama ni mlango. Wengi wanatazama rangi!

Magari mengi tunayoletewa kupitia bandari ya Dar es Salaam au Mombasa yanatoka Japani. Kule wanapita kushoto kwa barabara, na usukani uko kuume. Basi mlango wa kusukuma wa Hiace ya Japani uko upande wa kushoto, kusudi watu washuke pembeni. Tanzania na Kenya wanapita kushoto pia, kwa hiyo kwao hakuna shida. Lakini sisi Wakongomani tunapita kuume. Gari ile ile ikisimama pembeni kwetu, mlango wake unafunguka katikati ya barabara. Watoto wetu wanashukia mahali pikipiki zinapopita.

Mwaka 2016 tulikodi moja kama hiyo kupeleka kwaya Kavumu. Tuliposimama, mtoto wa miaka sita aliruka chini akiwa na furaha ya arusi. Motari mmoja alipita karibu sana, kioo chake kikagusa kofia ya mtoto. Kofia iliruka mpaka ngambo. Mama yake hakuimba siku ile. Tangu hapo, kila ninapoona Hiace, ninatazama kwanza mlango uko upande gani.

Ukipata ile iliyotengenezwa kwa nchi za usukani wa kushoto, yenye mlango kuume, hata kama ni ya zamani kidogo na bei imepanda, ufikiri sana mbele ya kuiacha. Ukikosa, ununue ya Japani lakini uweke sharti: mtu mzima ashuke kwanza, asimame barabarani, ndipo watoto washuke. Tena dereva wa kuume haoni vizuri akitaka kupita lori, sherti awe na mtu wa kushoto anayemwambia. Wengine watakuambia usukani umekwisha kuhamishwa. Hapo uende na fundi wako, si fundi wa muuzaji, alale chini ya gari atazame kama vyuma vya usukani vimeunganishwa kwa kuchomelea. Chuma kilichochomelewa kikikatika kwenye mtelemko wa Ngomo, hakuna wa kuulizwa tena.

Kisha mashine. Tazama namba ya shasi, herufi zake zinasema. Katika Hiace za Japani, LH mara nyingi ni mazutu ya kawaida isiyo na turbo, KZH na KDH ni mazutu yenye turbo, TRH ni esanse. LH ni mzee mvumilivu. Inapanda polepole, zaidi hapa kwetu kwenye metre karibu 1.500 ambapo hewa ni nyepesi, lakini fundi wa kijijini anaiweza. KZH ina nguvu, lakini ikipata moto kupita kiasi, kulasi yake inapasuka, na hapo makuta ya kukodisha ya miezi yanaondoka siku moja. Zote za LH na KZH zina kuruwa ya meno ndani, ambayo inapashwa kubadilishwa kila kilometa 100.000 hivi. Ikikatika, pistoni zinagonga valvu. Usiamini hesabu ya kilometa, inarudishwa nyuma kwa urahisi. Tazama pedali na kiti cha dereva: pedali iliyolika haisemi uongo.

Ufike asubuhi sana, mashine ikiwa baridi. Katika Hiace hizi mashine iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo kuinua kiti si adabu mbaya. Fungua radiateri ikiwa baridi kabisa, utazame kama maji yana mafuta juu. Moshi wa bluu ni mafuta ya mashine yanaungua. Moshi mweupe usiokwisha hata mashine ikipata moto, ujue pengine maji yanaingia mahali pasipofaa. Na mipira: pembeni kuna namba nne, kama 2318, maana yake juma la 23 la mwaka 2018. Mpira unaweza kungaa na kumbe ni mzee. Kutoka Bukavu mpaka Uvira unatelemka karibu metre 700, jaribu freni mbele ya siku hiyo, si siku hiyo.

Uulize tena kama viti vya nyuma vinatoka. Anayejua njia ya Mwenga wakati wa mvua anaelewa sababu. Lori moja likizama matopeni, wote mnalala. Sisi tulilala mausiku mawili, na viti vilivyotolewa vilitupa nafasi ya magodoro mawili kwa watoto. Ile ndiyo gari-nyumba yetu! Lakini msilale madirisha yakifungwa na mashine ikiunguruma. Moshi wake unaua bila harufu kali ya kukuamsha.

Juu ya kukodisha nitasema kidogo, lakini usikilize. Asiransi ya gari ya mtu binafsi si ile ya kubeba watu kwa malipo. SONAS ilikuwa peke yake katika kazi hii, kisha sheria ya mwaka 2015 ikafungulia kampuni zingine mlango. Popote unapolipa, waambie wazi kwamba utakodisha, na waandike. Mtu akiumia katika gari ya arusi na karatasi inasema «binafsi», deni ni la nyumba yako. Wewe na mwenye kukodi mwandikiane pia, hata akiwa shemeji: nani analipa mafuta, nani anaendesha, watu wangapi. Na tangu vita ilipofika Bukavu mnamo Februari 2025, ongeza mstari mmoja: gari ikibaki upande mwingine kwa sababu njia imefungwa, nani analipa siku zile? Barabara iliyo wazi Jumatatu, Jumatano si lazima iwe wazi. Dereva awe wako. Mimi sijaona gari ya kukodisha iliyoishi kwa mikono ya madereva kumi.

Baba na mama wale walikuwa wamekwisha kuona Hiace moja, nyeupe, inangaa kama sahani. Baba alitaka kulipa siku ile ile. Tuliwaomba wangoje kesho, tukaenda pamoja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande ungali juu ya kioo. Muuzaji alitupokea vizuri, akasema gari haijawashwa tangu jana.

Mama aliinua kiti cha dereva, akaweka mkono. Mashine ilikuwa ya moto.

Hakugombana na mtu. Alirudisha kiti polepole, akafunga mlango, akamwambia mume wake: «Baba, twende tunywe chai kwanza.» Makuta bado wanayo, na wanaendelea kutafuta.