Gia za umeme haziponyi ganzi ya mikono

Huenda wewe ni miongoni mwa wanaoamka alfajiri kuendesha baiskeli kutoka Nairobi hadi Naivasha na kurudi. Ikiwa ndivyo, haya yanakuhusu.

Hivi majuzi alinijia mwalimu mmoja akilalamikia ganzi katika kidole cha mwisho na cha pete. Muuza baiskeli alikuwa amemshawishi kwamba akiweka gia za umeme shida hiyo itakwisha. Mwalimu alikuwa tayari kuchukua mkopo.

Gia hizi si ngeni. Kampuni ya Shimano ilitoa zake za Di2 mwaka wa 2009. Badala ya kidole kusukuma wenzo na kuvuta waya, unabonyeza kitufe tu na mota ndogo inahamisha mnyororo. Kwa mwenye maumivu ya viungo vya vidole, au kwa washiriki wa Paris-Brest-Paris kule Ufaransa wanaopewa saa 90 kumaliza kilomita 1,200, huo ni msaada mkubwa.

Lakini ganzi ya mwalimu haikuletwa na gia. Mshipa wa fahamu unaohudumia vidole hivyo hupitia kwenye kitako cha kiganja, mahali hasa unapoegemeza uzito wako juu ya usukani. Ukibanwa kwa saa nyingi, vidole hufa ganzi. Ukipuuzwa, misuli ya mkono hudhoofika hata kufunga kifungo cha shati kukawa taabu. Kitufe hakiuondolei mshipa huo uzito wowote.

Ushauri wangu ni huu. Inua usukani kidogo, hakikisha kiti hakijainama mbele, vaa glavu zenye sponji, na uhamishe mikono kila baada ya dakika chache. Ganzi ikidumu kwa siku kadhaa, au mkono ukilegea, pumzisha baiskeli na umwone daktari.

Na kama tayari unazo gia za umeme, chaji betri kabla ya safari. Betri ya Di2 ikikaribia kuisha, gia za mbele ndizo hugoma kwanza. Ukikwama kwenye gia nzito ukiupanda mlima wa Mai Mahiu, magoti ndiyo yatakayoumia.

Mwalimu aliinua usukani, akanunua glavu. Baada ya wiki chache ganzi ilipungua, na mkopo hakuuchukua.