Nauli ndiyo inayotuchagulia lugha

Nilitaka kuandika juu ya Kilomotwa, kule Mitwaba. Kazi yangu ya mwisho inahusu Kilamba cha Kipushi. Sababu si ya kisayansi. Kipushi iko kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi: naondoka asubuhi, jioni nimerudi. Pesa ya safari ya Mitwaba, pamoja na chakula cha majuma mawili, ingemeza nusu ya minervali yangu, na minervali analipa mjomba. Sikuthubutu kumwomba tena.

Kilamba sikidharau, kambo aliyenipokea amenivumilia sana. Lakini Kilamba kina bahati yake. Doke alichapisha sarufi yake zamani, na msamiati wake pia. Katika darasa letu simjui hata mmoja aliyefika Mitwaba. Angalieni rafu ya kazi za wanafunzi: lugha inayoandikwa ni ile iliyo kando ya barabara nzuri, au ile ya kijiji ambako mwandishi ana bibi wa kumlisha.

Sheria ya elimu ya 2014 inataka lugha za taifa na lugha za mazingira zitumike kufundishia. Vizuri. Vitabu vya kusomea vitatoka wapi, ikiwa hakuna aliyelipwa hata nauli ya kwenda kusikiliza vitenzi? Kila mwaka bajeti ya taifa inapigiwa kura Kinshasa, na neno “utafiti” limo. Kwetu wanafunzi hakifiki kitu. Burse ambazo baba zetu wanasimulia tunazisikia kama hadithi za zamani.

Najua jibu: kuna vita mashariki, kuna hospitali zisizo na dawa. Mimi mwenyewe singechukua pesa ya dawa. Lakini siombi burse kwa kila mtu, ingawa wanaoiomba nawaelewa. Naomba fungu dogo la safari za utafiti, liandikwe kwa jina la lugha na la kijiji, ili kila mtu aweze kuuliza: pesa ya Kilomotwa ilienda wapi? Fungu lisilo na jina linapotea njiani, tumeliona.

Walimu wetu, ninyi ndio mnaosikilizwa makadirio yanapoandaliwa. Ya kwangu nimeyaandika kwenye ukurasa mmoja: nauli, chakula, zawadi ya wazee, betri za kinasa sauti. Nitauleta ofisini Jumatatu. Wazee ninaotaka kuwasikiliza wamepita miaka sabini.