Ngoma Ipigwayo na Mtu

Siku hizi arusi ikikaribia, kitu cha kwanza kutafutwa ni spika na kijana wa kuiendesha. Ngoma zenyewe zimelala darini, panya wanatafuna ngozi. Mimi si adui wa spika. Lakini leo natetea ngoma ipigwayo na mtu aliye mbele yako, anayekuona nawe unamwona.

Sisi wa Tabora yatupasa kuijua habari hii kuliko wengine. Mwaka 1857 Mwingereza Burton na mwenzake Speke walitoka pwani wakafika hapa baada ya miezi 4 na zaidi. Burton aliandika jinsi msafara ulivyokwenda: kirangozi mbele na bendera, na nyuma yake mpiga ngoma. Wapagazi, wengi wao babu zetu Wanyamwezi, walijitwika kilo 30 hivi kila mmoja, nao waliimba. Usidhani waliimba kwa raha. Njaa, ndui na homa viliwaua wengi njiani. Waliimba ili mguu upate kuinuka, maana mtu aliyechoka akisikia wenzake wanaitikia, huona haya kukaa chini.

Jirani zetu Wasukuma hulima kwa bugobogobo, na jembe hufuata ngoma. Mpigaji huwatazama wakulima, wakilegea huwachochea. Spika haiwezi jambo hilo. Itaendelea vilevile hata wachezaji wote wakikaa kitako.

Namfahamu mama mmoja wa Isevya aliyezika mtoto, kisha akajifungia ndani miezi miwili. Pole alipewa nyingi, na redio ilikuwapo nyumbani. Siku moja wanawake wa jirani walikuwa wakijizoeza nyimbo za arusi, wakakosa mtu wa kutikisa manyanga. Wakamwita. Akakataa mara mbili. Ya tatu akayashika. Hakuimba siku ile wala hakucheka, ila kesho yake alikwenda tena, safari hii bila kuitwa.

Wazazi wengine husema muziki ni uhuni. Pombe na kukesha vina hatari zake, sibishi. Lakini mji huu ulipata sifa kubwa miaka ya 1960 na 1970 kwa bendi zake: Kiko Kids ya Salim Zahoro, Nyanyembe, na Tabora Jazz aliyoimbia Shem Karenga. Mzee Mwinamila naye alitembea na ngoma yake ya Hiari ya Moyo. Hao wote walikuwa watoto wa watu, na bila shaka wako walioambiwa nyumbani waache upuuzi huo. Na anayedhani ngoma ni ya kipagani, akumbuke kwamba Mtaguso wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza muziki wa asili wa nchi za misioni uheshimiwe na upewe nafasi yake katika ibada.

Basi, arusi ijayo, kabla ya kumpa mwenye spika fedha zote, tenga fungu la mpiga ngoma wa kijijini kwako. Mlishe kabla hajaanza, wala si makombo ya usiku. Na mwanao akichuchumaa karibu kuitazama mikono yake, usimfukuze.