Alama Isiyoonekana Ilivyotugombanisha

Naomba nafasi katika jarida hili nitoe maoni yangu kuhusu jambo lililotaka kukivunja chama chetu muhula uliopita. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Pupa yangu mimi ilinifanya nimwite mwenzangu mwizi mbele ya watu, na hakuwa mwizi.

Mnajua kwamba chama chetu kinaandika kamusi ndogo ya istilahi za sayansi. Faili yake ina mistari 412, kila mstari neno moja na maana yake, na inatunzwa na Git. Kwa wasioijua, Git ni programu ya kutunza matoleo ya kazi, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005. Hukumbuka kila badiliko: nani aliandika mstari upi, lini, na ulikuwaje kabla yake. Ni kama daftari la karani asiyelala. Nasi tulikuwa tumekubaliana kuwa majina ya waandishi kwenye jalada la kamusi yatatoka humo.

Basi jioni moja nafungua daftari hilo, naona maajabu. Mistari yote 412 imeandikwa upya kwa jina la kijana mmoja wa Kidato cha Tatu! Yangu, ya mwenyekiti, hata ya wale waliokwisha kumaliza shule. Nikamkabili mkutanoni. Akasema, "Ndugu katibu, walahi mimi nimesahihisha maneno mawili tu." Nani angemwamini? Ushahidi si ule pale kwenye skrini? Tukamwondoa katika kundi la waandishi. Alitoka bila kusema neno jingine.

Ni mwalimu wetu mlezi aliyetuuliza swali ambalo mimi, kwa ujuaji wangu, nililiona la kitoto: "Mmelinganisha maneno, ama mmeangalia rangi tu?" Tukalinganisha neno kwa neno. Yaliyobadilika yalikuwa mawili. Mengine yote yalikuwa yale yale, isipokuwa kitu kimoja kisichoonekana kwa macho, nacho ni alama ya kumaliza mstari.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Yeyote aliyewahi kuitumia taipureta anaujua ule mkono wa pembeni. Ukiusukuma, unafanya kazi mbili: unakirudisha kigari mwanzoni mwa mstari, na unaipandisha karatasi. Mashine zilizopokea maandishi kwa waya nazo zilihitaji amri mbili, moja kwa kila kazi. Katika orodha ya alama iitwayo ASCII, iliyotolewa mwaka wa 1963, kurudi mwanzoni ni namba 13 na kushuka mstari ni namba 10. Tarakilishi haina kigari wala karatasi ya kupandisha, lakini mazoea yana taabu! MS-DOS iliifuata CP/M ikabaki na zote mbili, na Windows ikarithi. Unix ilichagua 10 peke yake, na Linux ikafuata. Apple nao walitumia 13 tu hadi walipotoa Mac OS X mwaka wa 2001.

Sasa, kamusi yetu ilianza katika programu nyingine ya kutunza matoleo, Subversion, kabla ya wakubwa wetu kuihamishia Git. Kule Subversion ilikuwa na kibandiko kiitwacho svn:eol-style, kilichoandikwa native. Kazi yake ni kwamba hazina inaweka 10, na kila mtu akichukua nakala anapewa alama ya mashine yake. Chombo kilichotumika kuhamisha, git svn, hakibebi kibandiko hicho. Maneno yakahama, kanuni ikabaki kule. Hakuna aliyegundua, kwani sisi wengine wote tulitumia Linux.

Kijana yule alitumia tarakilishi kuukuu ya maabara yenye Windows 7, na Git iliyomo iliwekwa isibadilishe chochote. Akafungua faili kwa Notepad, maskini, akaona maneno yote yamefuatana kama siafu katika mstari mmoja. Notepad haikuijua alama ya 10 pekee hadi ilipofunzwa katika Windows 10 mwaka wa 2018. Akajaribu WordPad, ikamwonyesha vizuri. Akasahihisha, akahifadhi. WordPad nayo ikaweka 13 na 10 mwishoni mwa kila mstari, na kwa Git, mstari ulioongezewa 13 ni mstari mwingine.

Wapo wenzangu wanaosema dawa ni kila mtu kupanga core.autocrlf katika mashine yake. Mimi sikubali hata kidogo. Maabara yetu mtu hukaa penye nafasi, na likizo zikifika mashine husafishwa na kuwekwa programu upya. Nani atakumbuka? Na mgeni atajuaje? Kanuni ikae ndani ya hazina yenyewe, isafiri pamoja na kazi, katika faili iitwayo .gitattributes. Mstari mmoja watosha kuanzia: * text=auto. Git ikiuona huo, huweka 10 hazinani kwa kila faili mpya ya maandishi, hata aliyeiandika akitoka Windows. Tuongeze *.sh text eol=lf, kwa sababu skripti yetu ya kuchapisha ikiingiwa na 13 kwenye mstari wa kwanza, Linux hukataa kuiendesha. Na picha tuziandikie *.png binary, zisiguswe. (Waliounda PNG waliliogopa balaa hili hata wakatia 13 na 10 kwa makusudi katika baiti 8 za mwanzo, ili picha ikiharibiwa njiani ijulikane mara moja.)

Tena, kabla ya kumshtaki mtu, tutumie git diff -w, ambayo haihesabu nafasi tupu, na hiyo 13 ikiwemo. Tungalifanya hivyo siku ile, tungaliona mistari miwili tu. Majina ya jalada nayo yatafutwe kwa git blame -w.

Kijana nilimwomba radhi faraghani, lakini nilimtukana hadharani, kwa hivyo namwomba tena hapa mbele yenu nyote. Amerudi chamani, ingawa siku hizi hukaa kiti cha nyuma. Imebaki kazi moja: kuifanyia faili git add --renormalize ili 13 zote zitoke, na atakayeifanya ataandikiwa mistari yote 412 kwa jina lake. Nimeomba kazi hiyo niifanye mimi.