Swali la Mwanafunzi Lisizimwe kwa Kicheko

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Maziwa yalichemshwa, yakatiwa sukari, yakaachwa yapoe, kisha yakaingizwa kwenye jokofu, ambamo nafasi ilikuwa ya kugombania. Siku moja Erasto Mpemba, wa kidato cha tatu, alimwona mwenzake akitia sukari kwenye maziwa yasiyochemshwa ili awahi nafasi. Kwa kuogopa kukosa trei ya mwisho, naye akayaingiza ya kwake yangali moto. Baada ya kama saa moja na nusu, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alipouliza sababu, mwalimu wa fizikia alimjibu kuwa amechanganyikiwa, kwani jambo hilo haliwezekani. Rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga alimjibu tofauti: wao huweka maziwa moto makusudi, yagande upesi. Fundi wa mtaani alikuwa na ujuzi ambao darasa lilikataa kuusikia. Mpemba aliposonga mbele hadi Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu mwingine akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea hesabu, mwalimu na darasa zima walimtania kwa maneno ya namna hiyohiyo. Wanafunzi wengi wangenyamaza. Yeye mchana mmoja aliikuta maabara ya biolojia ikiwa wazi, akajaza vyombo viwili vya kioo, kimoja maji ya moto na kingine ya baridi, akajaribu mwenyewe.

Kisha Mkwawa ilipata mgeni, Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Mpemba alisimama akauliza kwa nini maji ya nyuzi 100 hutangulia kuganda kuliko ya nyuzi 35. Wenzake walicheka. Osborne naye hakuamini, lakini aliahidi kujaribu, na alitimiza ahadi. Fundi wake wa maabara alileta majibu kwamba maji ya moto yametangulia kweli, akaongeza kuwa jaribio lingerudiwa mpaka lipatikane jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala kwa pamoja katika jarida la Physics Education, na hali hiyo ikaitwa athari ya Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu sababu zake, na wapo wanaotilia shaka kama hutokea kwa uhakika. Ubishi huo haupunguzi thamani ya swali. Unaonyesha lilikuwa zito kiasi gani.

Katika miaka hiyo ya kudhihakiwa Mpemba alijifunza kuamini alichokiona kwa macho yake na kukipima kabla ya kukitetea. Hata hivyo, swali lake liliokolewa na bahati: mlango wa maabara uliokuwa wazi, na mgeni mmoja aliyekubali kusikiliza. Ni hatari kwa nchi kuachia bahati akili za watoto wake, na hakuna anayejua ni maswali mangapi yamekufa kwa kukosa mgeni wa aina hiyo.

Kwa hiyo wananchi wanaombwa kulibeba jambo hili pamoja. Wazazi na walimu wakubaliane, katika mikutano ya shule, kwamba mwanafunzi hachekwi kwa kuuliza, na mwalimu asiyejua jibu aseme wazi kuwa litatafutwa. Bodi za shule zidai maabara zifunguliwe hata baada ya vipindi, chini ya uangalizi. Jaribio kama la Mpemba halihitaji zaidi ya vikombe viwili, maji, kipimajoto na jokofu, vitu ambavyo wazazi wakichangishana hupatikana. Wauza barafu, mafundi redio, wavuvi na wakulima waalikwe darasani, maana wanajua mengi yasiyoandikwa vitabuni. Wahadhiri na wahandisi waliosoma kwa kodi za wananchi warudi walau mara moja kwa mwaka katika shule zilizowalea, wasikilize maswali, na yale yanayowashinda waondoke nayo wakayajaribu, kisha walete majibu. Mkutano wa kwanza wa wazazi wa muhula ujao unatosha kuanzia.