Si Ulafi, Ni Njaa Iliyolimbikizwa

Mkazi wa Igalula aliyeshauriwa apunguze uzito aghalabu huanza kwa kuacha staftahi, kisha chakula cha mchana. Usiku, nyumba ikiwa imelala, hula ugali uliobaki, karanga na matobolwa hata tumbo limuume. Asubuhi huona haya, akajiadhibu kwa kushinda njaa tena. Majirani huuita huo ulafi, sivyo.

Mwaka 1945, huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya kwa miezi sita. Waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula kupita kiasi na bado wakahisi njaa. Mwili ulionyimwa hudai haki yake.

Kwa hiyo mhudumu wa afya asiishie kwenye mizani. Aulize kwa upole, faraghani: “Je, hutokea ukala ukashindwa kujizuia?” Hali hiyo ikijirudia kila wiki kwa miezi mitatu, huenda ni ugonjwa, nao hutibika kwa ushauri wa kisaikolojia. Mgonjwa naye ale kwa saa zake, mlenda ukiwa mwingi na ugali wa kiasi. Akiteleza usiku, asijinyime kesho yake.

Wapagazi wa Unyamwezi walifika Bagamoyo kituo kwa kituo. Uzito nao hupungua hivyo.